Dalali Aliyengoja Bei

Hapa Ifakara mkulima akimwambia dalali "niuzie", hana maana auze leo. Nililielewa hilo nikiwa kidato cha kwanza, siku mama mmoja wa Mngeta alipoteremsha magunia yake ya mpunga kwenye ghala la mashine, akamwambia mjomba wangu Stanislaus, "Haya baba, niuzie," kisha akapanda gari akarudi kwao bila hata kuuliza bei. Ulikuwa mwezi wa sita, mavuno yamejaa kila kona, bei iko chini. Magunia yale yakakaa pale mpaka mvua za vuli zikakaribia. Mjomba alikuwa akipita kuyatazama kama mtu anayetazama wagonjwa wodini. Anafukuza panya, anayageuza, anaondoka. Wanunuzi wa Dar es Salaam walipomsumbua aliwajibu, "Mwenye mali bado hajaridhika." Kumbe mwenye mali yuko Mngeta anapalilia, hana habari! Bei ilipopanda ndipo akauza, akampelekea yule mama fedha zake, naye akamrudishia asante ya jogoo.

Nikamuuliza, "Mjomba, na kama ungeuza siku ileile?"

"Wangesema nimehongwa na mnunuzi. Dalali anayeuza siku ileile, mwanangu, ama mwizi ama mvivu. Kazi yetu ni kungoja."

Mama yangu ni dada yake. Wote wawili walizaliwa Masagati, kule mbele ya Mlimba ambako gari likifika watoto wanalikimbilia kulishika. Mjomba alisoma mpaka kidato cha nne, alama hazikutosha kuendelea, akaja Ifakara kubeba magunia. Kutoka kubeba akaingia kupima, kutoka kupima akaingia udalali. Mimi nakaa kwake ili nisome. Mkewe, Mama Fulgensi, ni mtu wa maneno mengi na mkono mwepesi wa kugawa chakula, na watu walikuwa wakija kumtafuta mjomba hata kwa mambo yasiyohusu mpunga, maana walisema fedha ukimwachia Stanislaus utaikuta na vumbi lake.

Ndiyo sababu mwaka 1998, soko la hisa lilipofunguliwa Dar es Salaam, kampuni moja ya madalali wa huko ilipotafuta wakala wa Ifakara watu walimtaja yeye. Aliyekuja kumchukua ni Bwana Marcelino wa kampuni hiyo, mtu mrefu aliyevaa koti na tai katika joto letu hili, jasho linamtiririka mpaka kwenye mkoba. Mjomba akapanda treni kwenda kusomeshwa. Aliporudi alikuwa na mashati mawili ya mikono mirefu, na maneno mapya.

"Sasa wewe unauza nini?" Mama Fulgensi alimuuliza jioni ile, anapepeta mchele. "Nionyeshe."

"Sehemu ya kampuni."

"Sehemu gani? Mlango? Dirisha?"

"Huwezi kuishika, mama. Kampuni inagawanywa vipande vidogovidogo, mtu ananunua vipande vyake. Ikipata faida, na yeye anapata. Hilo fungu lake linaitwa gawio."

"Na isipopata?"

"Hapo hupati."

"Basi ni kama kuolewa," alisema Mama Fulgensi, tukacheka wote, na mjomba mwenyewe akacheka mpaka akashika mbavu.

Mimi nilimganda kwa maswali. Nilidhani kazi ile inataka suti na Kiingereza. Akaniambia hesabu ni lazima, na kusoma taarifa za kampuni bila kusinzia, kwa sababu faida inaweza kuandikwa kwa herufi kubwa na madeni yakafichwa ukurasa wa nyuma. Unatakiwa usimwahidi mtu kwamba atatajirika. Unatakiwa usiseme sokoni fulani amenunua hisa ngapi, hata mkeo usimwambie. Halafu kuna mtihani, na leseni, na ukishapata leseni ndipo unaitwa dalali kamili, unaingia mwenyewe kwenye chumba cha soko. Yeye alikuwa wakala tu, anapokea fomu za wateja na kuzituma Dar kwa treni, lakini alikuwa amejiandaa kufanya mtihani ule. Alikuwa anasoma kwa sauti akiwa anaoga.

"Na Bwana Marcelino amesisitiza moja," aliniambia. "Mteja ukimshauri, mshauri kabla hajatoa amri. Akishatoa amri, mdomo unafunga, unatekeleza."

"Hilo si rahisi?"

"Rahisi kuliko yote," akasema.

Mteja wake mkubwa wa kwanza alikuwa Mzee Masanja. Huyu ni Msukuma aliyehama kwao Shinyanga na ng'ombe, akaja kukaa karibu na Chita, lakini bonde letu halikuwapokea vizuri wale ng'ombe. Ndigana, ile homa ya kupe, iliwamaliza karibu nusu. Binti yake, Dorika, alikuwa shuleni kwetu, kidato cha nne mimi nikiwa cha pili, amepanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwetu. Dorika alitaka uuguzi tangu zamani. Alikuwa akitushika mikono kwenye foleni ya uji, anatupima mapigo kwa kutazama saa ya ukutani, halafu anatutisha: "Wewe umebakiza wiki moja." Mimi aliniahidi, "Siku nikija kukuchoma sindano wewe, nitachagua ile butu."

Mzee Masanja alikuja nyumbani na fimbo yake na kanzu iliyofupishwa.

"Mwangaluka," mjomba akamsalimia kwa Kisukuma alichojifunza sokoni.

"Mwangaluka, Bwana Stanislaus. Nimesikia unauza ng'ombe asiyekula nyasi."

"Yupo."

"Kupe hawampandi?"

"Hawampandi."

"Anazaa?"

"Anazaa gawio. Ila sikudanganyi, Mzee Masanja, kuna mwaka hazai. Na anaweza kukonda."

Mzee akafikiri, akageuka kunitazama mimi niliyekuwa nimeleta chai, kama vile mimi ndiye najua. "Nataka mali ya kumsomesha huyu Dorika, isiyokufa kwa homa," akasema. "Ng'ombe wangu nikiwaacha zizini, mwaka kesho nitakuwa na ngozi."

Akauza ng'ombe tisa mnadani, akanunua hisa za kiwanda kimoja cha Dar. Alipopokea gawio la kwanza alikuja na mtindi kibuyu kizima, akawa anatutania, "Ameshazaa, ameshazaa! Na sikuamka kukamua!"

Dorika akafaulu. Mwezi wa saba mwaka 1999 barua ya chuo cha uuguzi ikafika: aripoti mwanzoni mwa mwezi wa tisa, na ada yote mkononi, asiyefika nafasi yake anapewa mwingine. Wakati huo mnada wa ng'ombe ulikuwa umefungwa kwa karantini, hakuna mnyama anayeuzwa wala kuhamishwa. Kwa hiyo zilibaki zile hisa.

Mzee Masanja alikuja na binti yake. Walikaa sebuleni, Dorika amevaa gauni la kanisani na magoti ameyabana kama mtu anayepigwa picha. Alikuwa ameshashona na sare, akatuambia, fundi ameweka mifuko miwili ya mbele, ya mkasi na ya kalamu.

"Uza," alisema Mzee Masanja.

"Zote?"

"Zote. Mtoto anaingia chuo."

Mjomba akajaza fomu, mzee akaweka dole gumba. Pale mlangoni, anaagana, mzee akasema neno jingine, na mimi nililisikia vizuri: "Wewe ndiye unayejua soko."

Treni ya kwenda Dar ilikuwa inapita siku ya pili yake. Fomu haikupanda.

Nimejiuliza sana kwa nini, na nadhani najua, kwa sababu nilimwona mjomba usiku ule mezani na gazeti. Bei ya hisa zile ilikuwa imeshuka kidogo chini ya ile aliyonunulia mzee. Shilingi chache tu. Lakini mjomba aliona aibu. Kumuuzia mtu mali yake chini ya alivyonunua, na wewe ndiye uliyemuuzia! Tena kiwanda kilikuwa kinakaribia kutangaza faida yake, na mwezi wa tisa ulikuwa bado mbali. Kwake yeye mkulima alikuwa ameteremsha magunia na kusema "niuzie", amepanda gari ameondoka. Lakini Mzee Masanja hakuwa mtu wa mpunga. Yeye ni mtu wa mnada. Mnadani ng'ombe akishaingia uwanjani anauzwa siku ileile, maana akilala pale anakonda na anakunywa maji ya kununua. Alivyosema "uza" alirudi Chita akijua imeshauzwa.

Wiki ya kwanza ya mwezi wa nane bei ikapanda. Mjomba alinifuata jikoni na gazeti, uso umechangamka. "Umeona? Umeona? Tayari tumemrudishia hasara yake. Ngoja kidogo tu, mzee atapata na ya godoro la mtoto."

"Mjomba, si ulisema mteja akishatoa amri..."

"Aa, wewe nawe! Hiyo ni ya Dar. Huyu mzee mimi namjua."

Mama Fulgensi akaweka mwiko chini. "Baba Fulgensi, tuma hiyo karatasi."

"Treni ijayo."

Kabla ya treni ijayo, gazeti lilikuja na habari kwamba mtambo mkubwa wa kile kiwanda umeharibika, uzalishaji umesimama, na tangazo la faida limeahirishwa. Mjomba alisoma akiwa amesimama. Akakaa. Akasoma tena. Halafu akavaa viatu bila soksi, akachukua ile fomu, akaenda stesheni kwa mguu, mwendo wote ule na jua la saa nane, akangoja treni, akaenda nayo mwenyewe.

Ya Dar alinisimulia baadaye, kidogokidogo, siku tofauti. Alikuwa amengoja kwa hamu siku atakayoingia katika ofisi za soko akiwa dalali, na siku hiyo alisimama mlangoni na vumbi la treni. Bei yenyewe haikuwa imeporomoka sana. Tatizo halikuwa bei. Hakukuwa na mnunuzi hata mmoja. Mpunga, akaniambia, hata ukiwa mbaya atatokea wa kulishia kuku. Hisa isipotakiwa inakaa kimya kabisa, ubaoni panaandikwa wauzaji, na upande wa wanunuzi peupe.

Bwana Marcelino aliitazama fomu. "Hii imejazwa mwezi uliopita. Ilikuwa wapi?"

"Nilikuwa navuta bei."

"Ulitumwa kuvuta?"

Mjomba akaanza kupangusa vumbi kwenye mkono wa shati.

"Siku aliyosema uza palikuwa na wanunuzi wa kutosha, Stanislaus. Ingeuzika asubuhi moja." Bwana Marcelino hakumfokea. Alisema kwa upole, mjomba anasema upole ule ndio uliomuumiza. "Ungeiba ningekuelewa haraka zaidi. Wewe umemfanyia hisani, na hisani yako imempotezea. Siwezi kukuacha na fomu za watu." Basi uwakala ukaishia hapo, na mtihani pia, kwa sababu huwezi kuufanya bila kampuni ya kukudhamini.

Aliporudi aliuza magunia yake mwenyewe, yote, kwa bei ya mavuno. Akauza na baiskeli. Ilifika nusu tu ya ada. Akaenda chuoni na hiyo nusu kuomba Dorika apokelewe, nyingine ifuate. Wakamwambia waliotimiza ada wako nje wamekaa na masanduku, wanangoja nafasi. Ni kweli, alisema, aliwaona, wasichana wamekalia masanduku ya bati wanakula karanga.

Kisha ikabidi Mzee Masanja aambiwe. Mjomba alimpelekea salamu aje. Mimi nilikuwa chumba cha pili na kitabu cha biolojia nimekishika juu chini.

"Nilikwambia uza," alisema mzee baada ya kusikia yote.

"Ulisema, baba."

"Nilisema neno lingine?"

"Ulisema mimi ndiye ninayejua soko."

"Ndiyo." Mzee akaishika fimbo yake kwa mikono miwili. "Nilidhani unajua."

Mama Fulgensi akaleta chakula, wali na kuku. Mzee Masanja akanawa, akala matonge mawili kwa heshima ya mwenye nyumba, akamshukuru, akasimama. Mjomba akamfuata na ile nusu ya fedha ndani ya bahasha. Mzee akaisukuma kwa fimbo, taratibu, kama unavyomsukuma ndama. "Hiyo ni mpunga wako," akasema. "Mimi sikukupa mpunga."

Dorika hakuja. Nilimfuata chumbani kwake, nikamkuta anafunga vitu. Nikanyosha mkono, nipimwe. Akaushika. Akatazama ukutani, pale chumbani hakukuwa na saa.

"Unaishi," akasema. Hakutania zaidi ya hapo. Ile sare nyeupe aliikunja ndani nje, mifuko isionekane, akaiweka chini kabisa ya begi.

Karantini iliondolewa mwezi wa kumi. Mwezi uleule wafugaji wenzao, upande wa Uchindile, wakaleta posa ya kijana wao. Wengine waliniambia mzee alilazimisha, Dorika mwenyewe aliniandikia kwamba hakulazimishwa: nafasi ya chuo mwaka ule ilishakwenda, mwaka unaofuata haukuwa na uhakika, na kijana alikuwa mtu mzuri asiyelewa. Alimaliza hivi: "Huku hakuna zahanati. Wanaleta kwangu watoto wenye homa, nawafunika kitambaa cha maji, basi, ndicho ninachojua." Ng'ombe wa mahari wakaingia zizini kwa Mzee Masanja, zizi likajaa kuliko kabla hajauza.

Hisa zikapata mnunuzi katikati ya Desemba. Kiwanda kilitengeneza mtambo wake, watu wakarudi kununua, na bei, hili ndilo lililomtesa mjomba, ikawa nzuri. Ilizidi ile ya mwezi wa saba. Bwana Marcelino alituma fedha yote kwa hundi, ikapitia benki, na mjomba akaniomba nifuatane naye Chita kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa. Nadhani hakutaka kufika peke yake.

Mzee Masanja alitupokea vizuri. Tukakalishwa kwenye vigoda, tukapewa maziwa. Mjomba akatoa fedha. Alizieleza zote, bei iliyouzwa, alichokatwa, kilichobaki. Alieleza sawasawa kabisa, kama alivyofundishwa.

"Kwa hiyo ulikuwa sahihi," mzee akasema. "Ilipanda."

"Sikuwa sahihi, baba."

"Imepanda, wewe unasema hukuwa sahihi. Mimi mambo yenu siyawezi."

Akazipokea, akamwita binti mdogo aliyekuwa anakamua. Huyo ni Sikitu, mdogo wake Dorika, amemaliza darasa la saba, ana macho ya Dorika yaleyale ya kukuchunguza. Akampa azipeleke ndani kwa mama yake. Mjomba akapata neno lake hapo. Naona alikuwa amelibeba tangu Ifakara.

"Mzee, hizo zinatosha sekondari ya Sikitu. Yote, miaka minne. Ziweke benki tu, usinunue kitu kupitia kwangu, usimpe mtu yeyote. Akae kwangu, chakula ni changu. Asome na huyu."

Mzee Masanja alimtazama Sikitu akipotea mlangoni.

"Dorika alisoma miaka kumi na moja," akasema. "Kila mwaka katika hiyo kumi na moja nilikuwa nauza mnyama. Mwisho ameolewa kwa ng'ombe walewale ambao angeolewa nao bila kusoma. Na angekuwa hajui anachokikosa. Sasa anajua." Akageuza kigoda. "Sikitu nitamwacha asijue."

"Mzee Masanja..."

"Umeshanieleza, Bwana Stanislaus. Nimeshatoa jibu."

Mjomba alifungua mdomo. Nilijua ana maneno, maana ni mtu aliyekuwa akiwashawishi wanunuzi wa Dar wakaacha soda zao nusu. Lakini alikuwa ameambiwa neno la mwisho na mwenye mali. Akafunga mdomo. Nilimchukia kidogo wakati ule. Na nilimwonea huruma, vyote pamoja, sijui kama inawezekana, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mzee alisema fedha zile atanunulia madume mawili ya kukokota jembe.

Sikitu ndiye aliyetusindikiza mpaka njia ya reli. Alinibebea kifurushi changu. Njiani aliniuliza mambo mengi: sketi yetu ni ya rangi gani, kama ni kweli tunapasua chura, kama chura anakuwa amekufa kwanza. Nikamjibu yote. Mjomba alitangulia mbele yetu hatua nyingi, hakugeuka. Treni ilichelewa, kama kawaida, na Sikitu hakuweza kungoja kwa sababu ng'ombe walikuwa bado hawajakamuliwa wote. Akamuaga mjomba, "Kwa heri mjomba," akageuka akakimbia kwenye nyasi, ndefu kuliko yeye, zikamfunika.